Kigingi Nyuma ya Kaburi la Baba

Jumatatu, 3 Juni 1974
Sare kumi na mbili za shule bado hazina vifungo. Wapima barabara wameingia Himo, wamepigilia vigingi kuonyesha katikati ya barabara mpya. Kimoja kiko nyuma ya kaburi la baba, mbele ya nyumba yangu. Barabara ya zamani baba aliichimba kwa jembe, kazi ya lazima ya mkoloni, kiboko mgongoni. Sasa malori yampite juu. Nimekasirika hadi sindano imenichoma.

Jumanne, 4 Juni
Nimemwendea mpimaji. Makaburi huhamishwa, kasema. Kisha kaniomba nipishe, nimekanyaga kamba yake.

Jumapili, 9 Juni
Mke wangu Agnesi na watoto wameenda misa. Nimesingizia tumbo. Nimeng'oa vigingi vitano, nikavisogeza hatua kumi na mbili kuelekea ng'ambo ya barabara. Sijutii.

Jumatano, 12 Juni
Mpimaji yuko Moshi. Vibarua wamepima kutoka vigingini bila kuuliza, wakapaka alama nyekundu ya kubomoa kwenye nyumba ya Aloisi seremala, jirani yangu wa ng'ambo. Nyumba ya miaka tisa ya jasho. Nilidhani litaguswa banda lake la mbao tu. Mjinga mimi.

Alhamisi, 13 Juni
Aloisi kaja nimwandikie barua wilayani, eti nina mwandiko mzuri. Nimwombee vipimo virudiwe. Nimeandika. Kaona ninavyotokwa jasho, nikasema malaria. Akanipa pole. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 14 Juni
Sikulala. Asubuhi nimekata jani la sale, mmea wetu wa kuombea msamaha, mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, nikalifunga fundo, nikavuka kwa Aloisi. Nimepiga goti, nimesema yote. Mchaga akiletewa sale hakatai msamaha. Nililijua hilo, nililitegemea, na ndilo linaloniaibisha zaidi.
Aloisi alilichukua.
"Sale nimelipokea kwa sababu siwezi kulikataa," alisema. "Wewe, sijui."
Mchana nikajisalimisha kwa mpimaji, aliyekwisha kurudi kutoka Moshi. Amenifokea mbele ya soko zima. Haki yangu.

Jumamosi, 22 Juni
Vigingi vimerudi vilipokuwa. Leo tumemhamishia baba migombani, nyuma ya nyumba. Tulikuwa tumetandika shuka la kuwekea mifupa. Aloisi akatokea na sanduku la mbao, dogo, limepigwa randa vizuri kila upande. Hakuna aliyemwagiza. Hakunisalimia. Aliliweka juu ya shuka, akavua kofia, akasimama nasi mpaka udongo ulipokwisha. Kisha akavuka barabara akarudi kazini.