Matawi Yasiyo na Mizizi

Mama,

Jiko lako wamelivunja.

Nimeanza vibaya, naona. Ulinifundisha kwamba salamu hutangulia habari, hata habari ikiwa ya msiba. Shikamoo, mama. Sisi ni wazima. Baba anakohoa kidogo, mbuzi mweupe amezaa mapacha, na shangazi wa Ndungu alileta mchele tulipoanua matanga. Sasa nirudi kwenye jiko.

Walilivunja kwa sululu wiki ya pili baada ya kukuzika. Mwalimu Mkuu alisema ni aibu shule kupikia kwenye kichuguu, na mgeni anakuja kutoka Same kukagua shule za kujitegemea. Hakukumbuka kwamba wewe na sisi wasichana wa darasa la sita tulilifinyanga wiki nzima, udongo hadi viwikoni, na kwamba kuni chache tu ziliivisha makande ya shule nzima. Mpishi mpya, mama Eliamini, anapikia mafiga. Si mtu mbaya. Lakini haloweki. Mahindi na maharage yanaingia sufuriani makavu kama changarawe, na moto unawaka tangu alfajiri mpaka saa saba. Nilimwambia ulivyokuwa ukisema, "Asiyeloweka jana, leo anapika mti mzima." Akacheka. "Mwanangu, mimi nimeajiriwa kupika, sikuajiriwa kulinda miti."

Kwa hiyo kila Jumatatu kila mwanafunzi analeta mzigo wa kuni, na mizigo haitoshi. Zamani ulisimama mlangoni mwa jiko ukivunja kijiti kimoja cha kila mzigo. Kikikatika kwa mlio, unapokea. Kikipinda, unamrudisha mwenyewe: "Huu jana ulikuwa unakunywa maji. Kaurudishe ulikoutoa, kama unaweza." Tulikuchukia siku hizo, mama. Mimi pia. Ulinirudisha mbele ya wenzangu, wakaniita mtoto wa mpishi anayenyimwa ukoko.

Sasa hakuna anayevunja kijiti. Kuni kavu za karibu zimekwisha, watu wanakata miti mibichi kwenye msitu mdogo wa chemchemi. Ndiva yetu, bwawa letu la kumwagilia, haijai tena. Unakumbuka, chemchemi ilikuwa ikiijaza usiku kucha, asubuhi tunazibua, maji yanakimbia mferejini hadi mwisho wa bustani ya shule. Siku hizi yanafika kwenye kabichi za kwanza, yanakata roho.

Sasa la mgeni. Hili ndilo limenifanya nikuandikie.

Ilitangazwa kwamba atakuta tumepanda safu ya miti kutoka langoni hadi kwenye mlingoti wa bendera. Mashimo tulichimba. Lakini miche yako ya nyuma ya jiko ilikuwa imekauka, kwa sababu maji ya kuoshea vyombo uliyokuwa ukiinyweshea sasa yanamwagwa popote. Basi siku moja kabla, Mwalimu Mkuu akatutuma kwenye msitu wa chemchemi na mapanga. Tukate matawi yenye majani mazuri, tuyachomeke mashimoni, tushindilie udongo. Yakae kijani siku moja tu.

Mama, tulikata msitu ili tuonekane tunapanda msitu. Na tulikuwa tunaimba.

Siku ulipobanwa na kifua, lilikosekana hata lori moja la kukushusha hospitali. Siku ya mgeni yalipanda mawili, yameleta viti.

Mgeni alikuwa mpole. Alitembea kando ya ile safu akitikisa kichwa kwa kuridhika, akafika kwenye shimo langu. Mwalimu Mkuu akanisukuma mbele kidogo. "Huyu ni binti wa marehemu mpishi wetu. Mama yake alipenda sana miti." Mgeni akainama. "Pole sana, binti. Na mti huu umeupanda lini?"

Nilikuwa nimeuchomeka jana yake saa kumi. Vidole vyangu vilikuwa bado vinanata utomvu.

Nikasema, "Masika iliyopita, ndugu mgeni. Nilipanda na mama."

Wakapiga makofi.

Hakuna aliyeniambia niseme "na mama". Nililiongeza mwenyewe. Mwalimu Mkuu nimemkasirikia kwa jiko, kwa miche, kwa msitu, lakini neno lile sikupewa na mtu. Wewe uliyekuwa ukirudisha kijiti kibichi, nimekuweka kuwa shahidi wa tawi lisilo na mizizi.

Siku ya nne majani yalikuwa yamejikunja. Mbuzi wakamaliza yaliyobaki. Mama Eliamini aliyakusanya matawi, akayatia mafigani. Tukala makande yaliyopikwa kwa miti yetu mipya. Hayakuwa na ladha tofauti. Nilitamani yawe machungu.

Tangu hapo nalala nalo, naamka nalo. Jumatano nilimwomba mama Eliamini aniachie funguo za stoo nikitoka darasani. "Loweka basi, utachoka mwenyewe," akasema. Nimeloweka siku tatu. Ijumaa makande yaliiva kabla ya kengele, na moto ukazimwa mapema. Na leo, nilipokuwa nafunga stoo baada ya kuloweka ya kesho, aliniuliza lile jiko lilikuwa na midomo mingapi. Nikamwambia miwili. Akasema, "Hm."

Pia nimeandika barua nyingine, fupi kuliko hii. Ni ya mgeni. Nimemwambia mti ule haukuwa mti, na mama yangu hakuupanda, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuzikwa. Nimeandika humo jina langu kamili na darasa. Dereva wa lori la chumvi ameishusha Same leo mchana. Baba aliisoma kwanza, halafu akanipa bahasha.

Najua nitachapwa. Na pengine hata bustani haitaona maji mwaka huu, maana mti hauoti kwa toba ya mtu.

Lakini kesho ni Jumatatu, mama. Nitasimama pale mlango wako ulipokuwa na kuvunja kijiti cha kila mzigo, wanicheke wapendavyo. Nitaanza na mzigo wangu, mbele yao wote. Kuni zake niliziokota kule juu ya mwamba, mbali na chemchemi, safari mbili. Jioni hii nimejaribu kijiti kimoja.

Kimelia.

Pumzika, mama. Jina lako sitalitia tena kwenye uongo.

Mwanao,
Nakundwa