Jua la Kipupwe, Jiwe la Mama

Garth End,
Pateley Bridge,
Yorkshire.
17 Februari 1963.

Mpendwa kaka Alwyn,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye theluji. Natumai wewe, Moira na watoto hamjambo, na kwamba kiangazi cha Nyuzilandi mnatuwekea na sisi kidogo. Mimi ni mzima ila mafua. Mabomba yameganda tangu Krismasi. Maji ya chai nayapata kwa kuyeyusha theluji jikoni.

Habari kubwa ni Baba. Tangu tumzike Mama mwezi wa Novemba alikuwa hatoki chumbani, chakula anaonja tu. Fundi wa mawe, Bwana Thwaite, alikuja mara mbili kuuliza aandike nini kaburini. Baba akageukia ukutani.

Jumanne jua likatoka. Kimya kitupu, theluji inameta, hata kunguru hawalii. Nikamburuta Baba na kiti chake hadi kwenye ukuta wa kusini, nikamfunika blanketi. Akafumba macho. Nilidhani amelala.

"Hester," akasema, "joto hili lina jina."

Nikamwambia silijui. Akalitamka taratibu: apricity, joto la jua wakati wa baridi. Ni neno la Kiingereza lililosahaulika, limetoka kwenye Kilatini apricus, yaani mahali palipo wazi kwa jua. Na wapo wanaodhani apricus nalo lilizaliwa na kitenzi cha kufungua. Unamjua, ualimu haumtoki. Nami nilikuwa kama naota, nahisi uso wangu wenyewe unafunguka.

Kisha akaniambia tusilolijua. Neno lile alilipata Mama, kwenye kamusi kuukuu, mwaka walipochumbiana. Baba akambishia kwamba halipo, akamcheka mbele ya wageni. Miaka mingi baadaye akalikuta mwenyewe, akanyamaza.

"Ningemwambia tu, 'Ulikuwa sahihi, mpenzi.' Kitu gani kilinishinda?"

Akalia. Nikamshika mkono mpaka jua likahama ukutani.

Kesho yake akavaa koti, akashuka mwenyewe hadi kwa fundi, theluji inamfika magotini, mimi nyuma yake. Akamwandikia kwenye karatasi neno hilo moja, lichongwe chini ya jina la Mama. Bwana Thwaite akalisoma mara mbili, akauliza kwa adabu kama ndilo jina la pili la marehemu.

Baba akasema ndiyo.

Nisalimie Moira, Ewan na Isla mdogo. Shangazi Winifred anauliza kama bado unavaa fulana ya ndani usipate baridi. Mungu awafunike kwa mkono wake, huko mliko.

Dada yako akupendaye na kukukumbuka,
Hester