Mama, Kimeu na Mbogo

Kaluki, nakuandikia ujumbe, hapa siwezi kupiga simu.

Tuko juu Kilimambogo. Mimi na mama tulishuka kutazama mabonde, mjomba akaenda mbele kugeuza gari. Mara mbogo akatoka msituni!! Karibu ilikuwa pikapu ya mume wangu Kimeu tu, yeye kwenye usukani, na nyuma imejaa makreti ya soda. Nikaingia mbele.

Mama akakataa. Alikataa, Kaluki! Akageuza uso: "Nibanane na mkwe wangu? Nthoni ni nthoni, mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Heri huyo mnyama."

Nikalia, "Mama, tafadhali, atakuua!"

Sasa sikia Kimeu alichofanya. Alifungua mlango akashuka, ili mama aingie. Alishuka! Mama akaingia kwa mlango huo huo. Mbogo akainamisha kichwa, akaanza kuja. Nikajua nimempoteza Kimeu.

Unajua mama hajawahi kutaja jina lake, hata siku ya mahari. Akapiga kelele: "Kimeu! Kimeu wee, ingia!" Akamvuta kwa shati.

Tumebanana watatu. Mbogo bado amesimama mbele yetu, na mjomba haonekani. Mama amejifunika uso kwa leso, lakini lile shati hajaliachilia.