Usibipu, Piga

Nyumba ya geti la bluu,
Nyuma ya karakana.
Jumanne, tarehe 14, mwezi wa saba.

Mpendwa Kaka,

Habari za huko uliko, na habari za kazi? Mgongo wako, ule uliokusumbua tangu mlipobeba geti la shule, umepoa? Unalala mahali pakavu? Unakula kwa wakati? Mama ameniagiza nikuulize haya yote kabla ya jambo lingine lolote, na amesimama hapa mlangoni kuhakikisha nimeyaandika. Nimeyaandika.

Sisi hapa tu wazima. Baba mzima, Mama mzima, Bibi analalamikia magoti lakini bado anatushinda sote kwa maneno. Mimi pia ni mzima wa mwili, ila situlii. Nimeianza barua hii mara tatu. Kila nikimaliza mstari nainuka kwenda kuichungulia simu, nikirudi nimesahau nilipoishia. Mwalimu wetu wa lugha hutuambia kwamba barua njema humpa msomaji kiti kabla ya kumpa mzigo. Basi kaa, Kaka. Ukishakaa, soma polepole.

Hatukukataa kukupigia. Naomba uisome tena sentensi hiyo, kwa sababu ndiyo barua yenyewe. Yaliyobaki ni maelezo tu, na mwenye kosa ni mimi.

Unakumbuka mapatano yetu ya kubipu, yale ambayo Baba alituwekea tangu zamani alipokuwa akienda kufunga mageti miji ya mbali. Bipu moja, nimefika salama. Mbili, nipigieni. Tatu, kuna shida. Siku unaondoka na mafundi wenzako wa vyumba vya baridi uliniinamia dirishani mwa gari ukasema, "Karani, shika simu hiyo kama yai." Nami nilikuahidi.

Jumapili ile, siku mbili baada ya kuondoka kwako, simu ililia mara moja ikakatika. Nilikimbia kuitazama. Haikuwa namba yako. Ilikuwa namba ndefu kama reli, yenye alama ya kujumlisha mbele, ambayo sijawahi kuiona. Jumanne ikalia tena ikakatika, ikalia ikakatika. Na wiki hiyohiyo mwalimu wa kompyuta alikuwa ametufundisha habari za matapeli wa simu. Alituambia kwamba namba ngeni ikilia mara moja na kukatika, mwenye namba hiyo anakutega umpigie akukamue. Dawa yake ni kuizuia.

Nikaizuia. Niliizuia vizuri sana, Kaka, hatua zote kama nilivyofundishwa. Kesho yake nikasimulia darasani, mwalimu akanisifu na wenzangu wakanipigia makofi. Nikiyakumbuka makofi yale sasa natamani ardhi ipasuke.

Baada ya hapo nyumba ikawa kimya. Mama aliiweka simu kwenye dirisha la jikoni, pale mtandao unapokamata vizuri, akapiga marufuku kulifunga dirisha hilo, hata mvua ilipoingia mpaka kwenye masufuria. Baba naye alianza kusikia kiu. Anatoka karakana, anapita jikoni, anachukua kikombe, anaitazama simu, kisha anakirudisha kikombe kikavu vilevile. Siku moja nilimhesabia safari tisa.

Mama alikupigia kila asubuhi kwenye namba yako ya siku zote. Kila mara yule mwanamke wa ndani ya simu alijibu kwamba hupatikani. Bibi akamchukia kabisa. "Huyu mwanamke ana kiburi," alisema. "Kila anayeulizwa kwake hapatikani. Yeye mwenyewe anapatikana wapi?" Tulicheka, lakini Mama hakucheka. Baba alisema neno moja tu, akiwa amegeukia ukutani: "Amezima. Ana haki yake." Kisha akaenda kunywa maji ambayo hakuyanywa.

Jumamosi iliyopita nilishindwa kuvumilia. Nikaichukua simu mpaka kwa dada wa kibanda cha vocha, yule aliyekusajilia laini yako, nikamwambia nataka kujua kama laini ya kaka yangu imekufa.

"Laini haifi, mdogo wangu," alisema. "Hupotea njia tu. Alichukua kifurushi gani?"

Nikamwambia ni kile cha safari, cha siku thelathini na dakika thelathini. Akafungua daftari lake, akatikisa kichwa. Kaka, kifurushi ulichonunua ni cha kupiga na kutuma ujumbe ukiwa nje ya nchi. Cha kupokea ni kingine, na hukukichukua. Kwa hiyo tangu ulipovuka mpaka wa kwanza mlango wa kuingilia ulikuwa umefungwa. Hata ungetubipu mara mia, sisi tusingeweza kukupata. Na dakika zako thelathini za kupiga zilikuwa zimejaa mfukoni mwako muda wote huo! Umezilipia, halafu unatubipu. Dada wa kibanda alicheka mpaka akashika meza. Alisema amesajili watu wengi wanaosafiri, lakini ukoo unaokufa na kiu huku umekaa juu ya pipa la maji ndio kwanza anauona.

Kisha akaibonyezabonyeza simu yetu, akafungua orodha ya namba zilizozuiwa.

"Na hii namba ndefu uliyoizuia ni ya nani?"

"Ya tapeli."

"Tapeli gani anayekuita Karani?"

Nikasogea karibu. Alinigeuzia kioo. Bipu nane zilikuwa zimekusanywa humo ndani, mbilimbili, kama viatu mlangoni. Chini yake kulikuwa na ujumbe wako wa kwanza: "Karani, tumevuka mpaka wa pili. Mbona hampigi? Au Baba amekataza?" Na ule wa pili, wa Jumatano: "Sawa. Nimeelewa. Msalimie Mama. Sitawasumbua tena."

Dada wa kibanda alinieleza kwamba laini ikiwa ugenini hupitia minara ya watu wengine, na safari nyingine namba hufika kwa mwenyewe imevaa nguo ambazo si zake. Nikaipigia namba ile palepale. Haipo. Nikapiga yako. Yule mwanamke wa Bibi akanijibu.

Nilirudi nyumbani nikienda mbio na kusimama, mbio na kusimama. Nilitaka kumwambia Mama kwanza, kwa sababu Mama hugomba kisha akasahau. Lakini jina lililokuwa kwenye ujumbe ni la Baba. Nikaingia karakana. Alikuwa anakata mabomba. Nilisimama kando mpaka alipozima mashine, nikamweleza yote bila kupunguza, kuanzia makofi ya darasani. Nikamsomea maneno yako.

Alifuta mikono muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Kaandika hivyo? Baba amekataza?"

"Ndiyo, Baba."

"Mimi nimekataza lini?"

"Hujakataza, Baba. Hukusema tu."

Sijui nilipata wapi ulimi ule. Nilingoja nigombezwe. Mama alikuwa ameshafika mlangoni, amesikia, akasema, "Wanaume wa nyumba hii mna midomo ya kulia chakula tu. Mmoja haagi, mwingine hapigi, mnategemea kengele ziwasemee." Baba alininyooshea mkono. Aliniambia, "Nipe hiyo simu."

Sasa Kaka, kuna jambo ambalo nimelishika tangu siku uliyoondoka, na sikutumwa niliseme. Asubuhi ile ulipokuja karakana kumuaga, Baba hakuvua kinyago cha kuchomelea. Uliongea na kile kioo cheusi, kikakutikisia kichwa mara moja, ukaenda zako. Najua ulidhani anakuonyesha kwamba ameshaanza kazi bila wewe, kwa kuwa ulikataa kuirithi karakana. Lakini kumbuka vizuri. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Hakukuwa na moto wowote wa kujikinga. Alikaa na kinyago kile mpaka gari lenu lilipopinda kona, na alipokivua alikwenda moja kwa moja bombani kunawa uso. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo.

Naandika mbio kidogo sasa, maana muda unatubana. Kifurushi chako kinakwisha Jumatatu ijayo, tarehe ishirini. Ulikinunua siku sita kabla ya kuondoka kwa haraka zako, na siku zilianza kuhesabiwa palepale kibandani. Tena nchi uliyopo sasa haimo katika kifurushi hicho. Zimo zile mbili za mwanzo tu. Ndiyo maana hata ukitaka kupiga huko kambini, simu inakuwa kama kipande cha sabuni.

Lakini nimepata njia. Dereva wenu wa vipuri, yule mnayemwita Kofia, anaondoka hapa Alhamisi na atakuwa kwenu Jumamosi. Ndiye atakayekupa barua hii mkononi, ameniapia. Anasema nyuma ya kambi kuna tangi la maji lenye ngazi, na wanaopanda juu yake huupata mtandao wa ng'ambo ya mpaka, wa ile nchi ya pili. Huo kifurushi chako kinaujua. Ukifika juu usiiache simu ichague mtandao yenyewe, maana itang'ang'ania mnara wa karibu usiokusaidia kitu. Ingia kwenye mipangilio, tafuta palipoandikwa mitandao, zima kule kuchagua yenyewe, usubiri majina yatokee. Chagua lile ambalo dada wa kibanda ameliandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya bahasha. Andika namba yetu kwa kuanza na alama ya kujumlisha na tarakimu za nchi, si kwa sifuri. Na ushike ngazi vizuri kwa mkono mmoja. Mama amesema nisisahau hilo.

Jumapili, saa kumi jioni. Usibipu, Kaka. Piga. Acha ilie mpaka ipokewe.

Nimeifungua ile namba ndefu, lakini dada wa kibanda anasema safari hii unaweza kuja na nguo nyingine tena. Kwa hiyo Baba ameamua kwamba kila namba ngeni itapokewa. Unamjua Baba, mtu asiyepokea hata simu za wateja anaowafahamu. Sasa simu ameitundika shingoni kwa waya, inalala juu ya aproni, na ikilia tu anazima mashine. Jana matapeli wawili walimpata. Wa kwanza alimwambia, "Mzee, hongera, umeshinda gari!" Baba akamjibu, "Asante mwanangu, mpe asiyekuwa na gari. Toka kwenye laini, namngoja mtu." Wa pili alikuwa na sauti inayofanana kidogo na yako. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, dakika nzima, kisha akamuuliza kama amekula.

Mimi masomo yanaendelea, ingawa wiki hii hesabu zinanipita kama upepo. Mwalimu wa kompyuta nimemweleza yaliyotokea. Nilidhani atakasirika. Badala yake ameniomba nisimame tena darasani niwaambie wenzangu kwamba kabla ya kuizuia namba, jiulizeni kwanza ni nani wenu aliye mbali. Nimekubali, ila nimesema nitafanya hivyo wiki ijayo. Nataka nijue kwanza hadithi yangu imeishaje. Nikimaliza shule natamani kusomea mambo ya minara, nijue sauti hupita wapi ikiondoka hapa, na kwa nini wakati mwingine hufika imechoka.

Bibi anakusalimu sana, anasema magoti yake yanakudai mkongojo uliomwahidi. Shangazi anakusalimu. Dada wa kibanda naye anakusalimu, na anasema ukirudi upite kwake akufundishe kununua kifurushi. Wasalimie mafundi wenzako wote, na umshukuru Kofia. Mama anakuombea kila alfajiri; anasema Mungu akufunike mchana na usiku, na hata juu ya tangi.

Nilikuwa nataka kufunga hapa, lakini Baba ameingia sasa hivi akiwa na vumbi la chuma mpaka kwenye nyusi. Ameniuliza, "Umemwambia asibipu?" Nimesema nimemwambia. "Mwambie nitakayepokea ni mimi." Nikamuuliza, basi nimwandikie utasema nini. Amesimama pale akiizungusha simu kwenye waya wake, nikadhani ameondoka kimawazo kama kawaida yake.

"Mwambie nitasema haloo," amesema. "Mengine yatakuja yenyewe."

Dirisha la jikoni bado liko wazi.

Mdogo wako nikupendaye, uwe unapatikana au hupatikani,

Karani.