Boriti Imekalia Nini

Kwa mjukuu wangu Achieng,

Salamu kutoka Homa Bay. Shangazi yako amevuna njugu, paka amezaa ndani ya kofia yangu ya kanisani, nami siku hizi natoka kitandani kwa kushikwa mkono.

Sasa unapopiga hesabu ya boriti yako, unauliza kama ni aibu injinia kufungua kitabu cha fomula mbele ya mafundi. Watu husema fomula zangu zote zilikuwa kichwani. Kabla sijaondoka, ujue si kweli.

Miaka ya sitini, tukijenga daraja la waenda kwa miguu karibu na Migori, niliagiza boriti za unene niliopata kwa fomula niliyoikumbuka. Siku ya kuziinua nilisita, nikafungua kitabu. Mzee Odhiambo, msimamizi wa mafundi, akapaza sauti: "Injinia, hata padri wetu hasomi Baba Yetu kitabuni!" Wakacheka wote, nami pia.

Lakini kando ya fomula yangu palikuwa na mchoro mdogo niliousahau kabisa: boriti iliyoshikwa ndani ya zege kwenye ncha zote mbili. Nikaenda kuchungulia zetu zingekaa wapi. Zingelala tu juu ya mawe, bila kushikwa na kitu. Boriti isiyoshikwa hupinda zaidi, kwa hiyo zetu zilikuwa nyembamba mno kubeba umati wa siku ya soko.

"Basi soma, omera, ndugu yangu," Odhiambo akasema, kicheko kimekwisha. "Soma mpaka tuvuke."

Kwa hiyo fungua mbele yao. Kisha niandikie upesi, maana natamani kujua: hiyo boriti yako, ncha zake zimekalia nini?

Babu yako