Kisima Kilichokosa Mafuta

Mjukuu wangu Salima,

Asalaam aleikum. Sisi huku Garsen tu wazima. Mpunga umekubali, alhamdulillahi, ila bibi yako analalamika kwamba husemi unakula nini huko chuoni.

Umeuliza kama kweli kisima cha mafuta nilichofanyia kazi miaka ya hamsini kilishindwa. Mimi nilikuwa wa winchi. Tuliteremsha chombo shimoni kwa waya, kikapima umeme unavyopita ndani ya mawe, na karatasi ikachora mistari. Mpimaji wetu, Mzungu mpole, akafurahi. Chini kulikuwa na jiwe la mchanga lenye vitundu vingi, mfano wa mtungi unaotoka jasho, na kilichojaa humo kilikataa umeme. Mafuta hukataa umeme. Maji matamu nayo hukataa, lakini hilo hakuna aliyetaka kulisema.

Tulipovuta kilichomo ndani ya jiwe, yakaja maji. Mpimaji akavua kofia, akakaa chini. Mzee mmoja wa Kiorma, mfugaji, akakinga kiganja, akaonja, akacheka.

“Wallahi, ng'ombe wangu hawatakanyaga tena shamba la mtu.”

Maana kila kiangazi walikatiza mashamba yetu kuufuata mto, na fimbo zikatembea. Mpimaji akawaomba wakubwa wake shimo lisizibwe. Likatiwa pampu, nami nikaachwa niitunze. Namwombea dua mpaka leo.

Binti wa mzee yule ndiye aliyekuwa akileta ng'ombe kunywa. Sasa anataka kujua unakula nini. Mjibu.

Babu yako