Mcheza Nyoka wa Didia na Mabaka Yasiyopona

Kwako Mshauri wa gazeti, mimi Bujiku wa Didia nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, herufi nimejifunza uzeeni nikawapita vijana, nisaidie maana kwangu hakukaliki. Mimi ni mgoyangi, mcheza nyoka, chatu nimemvaa shingoni mbele ya Wazungu wa mgodi wa Mwadui wakakimbia wakaacha kofia, na sisi huchanjwa dawa ya nyoka mwilini, ndiyo maana mabaka yalipoanza kiunoni na mapajani, mahali nguo inafunika, yakiwasha na kutoa magamba, nikajisifu, tazameni, dawa imekolea, najivua kama nyoka mwenyewe, miaka ikapita nikifurahi. Lakini tangu mavuno pajani pameota uvimbe kama nyanya, umepasuka, matezi ya kinena yamejaa, nakonda. Dispensari walisema choa, nikapaka dawa yao, wapi! Mwanangu Valerian anasema ukoma, ananijengea kibanda nje ya boma, mke wangu Limi analia, "Baba Valerian, nenda hospitali," nimekwenda, daktari akanichoma sindano juu ya baka nikaruka, akasema baka la ukoma lina ganzi, mkoma asingeruka hivyo, anataka kukata kinyama cha uvimbe akipeleke kupimwa, nikamwambia mimi si mbuzi wa kitoweo, na nyama hii ina dawa, ikitoka nyoka watanigeuka. Mwalimu wangu Ngassa atanichanja upya juu ya uvimbe, mwezi ukiandama. Nimwachie nani mwili huu, Ngassa au daktari? Usinijibu kitoto.

*

Shikamoo, mzee Bujiku. Salamu nimetoa, sasa keti usikilize. Nyoka akijivua hubaki na ngozi mpya. Wewe umebaki na kidonda. Pole sana, lakini umejisifia ugonjwa.

Barua yako nimemsomea daktari ninayemwamini. Anasema iko kansa ya matezi inayotokea kwenye ngozi, huanza kwa sura ya choa au upele, hasa pasipofika jua, ikakaa miaka kimya, kisha ikaota uvimbe. Kwamba ndiyo yako hawezi kuapa. Kinyama hicho tu ndicho kitakachosema, na kwa kukikataa umemfunga daktari wako macho.

Ngassa asikuguse kwa wembe. Nyoka wakikugeuka, waachie vijana. Nawe Valerian, aibu! Hata ikiwa kansa, haiambukizi. Baba yako alale nyumbani kwake. Mama Valerian, fuatana naye, na akianza kubishana na daktari, mnyamazishe.

Kupona sikuahidi, mzee, umechelewa. Gazeti hili likikukuta mwezi haujaandama, ondoka siku hiyohiyo. Likikukuta Ngassa ameshakuchanja, ondoka vilevile, damu ikitoka.